Mia Hii ni ya Nini?

Mwalimu hodari wa asilimia hana haraka ya kukokotoa. Anaandika ubaoni: "Bei ya begi pamoja na VAT ni shilingi 59,000. VAT ni 18%. Bei kabla ya kodi ni shilingi ngapi?" Kisha anaweka chaki mezani na kuuliza: "Wanangu, mia ya hesabu hii ni ipi?"

Swali hilo ndilo roho ya somo. Kumi na nane katika kila mia, sawa, lakini mia ya nini? Mwanafunzi asiyejiuliza hivyo atatafuta 18% ya 59,000, apate 10,620, aitoe, aandike 48,380. Kuzidisha kwake ni sahihi na kutoa kwake ni sahihi, ila mia ameiweka kwenye bei ambayo kodi imeshaingia.

Mwalimu hamkemei. Anachora safu mbili, moja ya asilimia, nyingine ya shilingi. Bei ya awali inaandikwa mkabala na 100, kodi mkabala na 18, jumla mkabala na 118. Hapo darasa zima linaona kwamba 59,000 haiwezi kukaa penginepo ila kwenye 118. Ndipo anaruhusu uwiano uandikwe: 100 kwa 118 ni sawa na x kwa 59,000. Wanazidisha kimshazari, wanagawanya, wanapata 50,000. Bado hajaridhika. Anawaambia wahakiki: 18% ya 50,000 ni 9,000, na zikijumlishwa ni 59,000.

Uzuri wa njia hii ni kwamba umbo moja linatosha maswali yote matatu ya asilimia. 15% ya wanafunzi 60 ni wangapi? 18 kati ya 24 ni asilimia ngapi? 12 ni 30% ya ngapi? Kila mara, sehemu kwa jumla ni sawa na asilimia kwa 100. Kinachohama ni nafasi iliyo wazi tu. Na kwa hilo la mwisho mwalimu hudai makadirio kwanza: 30% inakaribia theluthi bila kuifikia, basi jumla itazidi kidogo 36. Jibu, 40, linawakuta wakiwa tayari wanalisubiri.

Kuzidisha kimshazari hufundishika upesi. Kuitambua mia kunataka subira, na mwalimu anayeitumia subira hiyo asiharakishwe na mtihani. Wanafunzi wake ndio watakaojua, mbele ya tangazo la punguzo au mkataba wa mkopo, asilimia inayotajwa ni ya kiasi gani.