Kinga Bora ya Hita ya Tangi la Samaki

Usiku wa Juni na Julai, Alupe, karibu na Busia, hupoa kiasi cha kumnyima usingizi anayetotoa kambare. Mayai huanguliwa vizuri maji yakiwa nyuzi 26 hadi 30, kwa hiyo hita ya kioo huzamishwa tangini. Lakini kambare mzazi akiipiga mkia, kioo hupasuka na stima ya volti 240 huingia majini. Tena samaki huyu hana magamba: akiilalia hita, huungua. Hita yahitaji kinga, na iliyo rahisi kuundwa ni ya kipande cha paipu ya PVC kutoka hadiwea za Busia au Malaba.

Fundi akikukabidhi kinga hiyo, kwanza kagua nafasi kati ya hita na paipu. Hita yenye kipenyo cha milimita 25 hukaa vyema ndani ya paipu ya milimita 50, katikati kabisa, bila kugusa ukuta. PVC hulainika joto likikaribia nyuzi 80, basi paipu inayogusana na kioo hupinda.

Pili, inua kinga uitazame mwangani. Matundu yawe ya kupishana, kuanzia chini hadi juu, na ncha zote mbili ziwe wazi ili maji baridi yaingie chini na ya moto yatokee juu. Matundu yakiwa machache, kidhibiti joto hupima maji yaliyokwama humo ndani, huzima mapema, na tangi hubaki baridi. Kila tundu liwe dogo kuliko kichwa cha samaki mdogo kabisa aliyemo.

Tatu, pitisha kipande cha pamba kwenye kila ukingo, ndani na nje. Uzi ukinasa, sharubu za kambare nazo zitachubuka. Fundi makini hupiga msasa hata kule ndani kusikoonekana.

Kataa kinga ya wavu wa mabati au yenye waya wa shaba, hata ikimetameta, kwa sababu zinki na shaba zikiyeyuka majini ni sumu kwa samaki. Hakikisha pia inaishikilia hita chini ya usawa wa maji, hata yakipungua.

Kinga ikishindwa jaribio moja tu, irudishe kwa fundi kabla ya kuwasha stima. Kuongeza matundu au kulainisha ukingo ni kazi ya dakika chache. Kumlea kambare mpaka awe mzazi huchukua karibu mwaka.