Mzinga Ulioelekezwa Mwezini

Mwalimu yeyote aliyepata kukusanya madaftari ya wavulana amekuta humo picha za vifaru, ndege za vita na roketi, zimechorwa pembeni mwa hesabu zisizokwisha. Wako na watu wazima, wenye kazi zao na nyumba zao, waujuao unene wa chuma cha kifaru na upana wa mdomo wa mzinga wake kuliko waijuavyo bei ya mahindi. Hao si askari, wala hawakutumwa na mtu, wapenda tu. Watu wa namna hii walikwisha andikiwa kitabu zamani, na kwa kuwa wazazi wengine hutaka vitabu vya jinsi hiyo viondolewe mikononi mwa vijana, tumeona vema tukipime.

Kitabu chenyewe ni cha Jules Verne, Mfaransa. Kilitolewa mwaka wa 1865, nacho kwa lugha yetu twaweza kukiita Kutoka Duniani mpaka Mwezini. Habari yaanzia Baltimore, katika Marekani, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mabwana wapendao mizinga wameunda chama chao. Sharti la kuingia ni moja: mtu awe amebuni mzinga au kuutengeneza uwe bora zaidi, au kama si mzinga, walau silaha nyingine ya moto. Heshima ya mwanachama hupimwa kwa uzito wa mzinga wake na kwa umbali wa makombora yake. Wengi wao wamekatika viungo kwa kuvijaribu vyombo vyao wenyewe, hata mwenye hesabu wa chama akaona kwamba ukiwakusanya watu wanne hupati mkono mmoja kamili kwa wote, na watu sita wagawana miguu miwili. Tena akapiga hesabu nyingine: kwa wastani kila mwanachama amekwisha kuua watu 2,375 na kipande.

Kwa neno hilo twacheka, kisha twanyamaza. Mtu hagawanyiki, aliyegawanyika ni maiti. Verne ameitia picha ya vita vyote katika kile kipande kimoja, wala hakuhitaji kuhubiri. Tumesoma maandishi mengi ya kulaumu vita ambayo hayakufika pale alipofika yeye kwa tarakimu nne na mzaha. Sura hizi za kwanza ni bora kuliko zote zifuatazo.

Vita vilipokwisha, chama kikapatwa na ukiwa. Katibu wao, Bwana Maston, ambaye badala ya mkono wa kuume ana kulabu ya chuma, asikitika kwamba hapana tena watu wa kupigana nao. Ashauri hata Waingereza wachokozwe, kwa hoja ya kwamba Marekani ya Kaskazini iliwahi kuwa yao, basi na iwe zamu yao kutawaliwa. Ndipo rais wa chama, Bwana Barbicane, atoapo dawa ya ugonjwa wao: kama duniani hapana wa kupigwa, na watengeneze mzinga wa kuupiga mwezi. Watu wote washangilia. Hakuna aulizaye mwezi umekosa nini.

Hapo ndipo Verne abadilikapo. Mwanzo aliwacheka watu hawa. Sasa aanza kuupenda mzinga wao. Atueleza kwa furaha isiyofichika jinsi kilima cha Stone's Hill, karibu na Tampa katika Florida, kilivyochimbwa shimo. Jinsi tanuru 1,200 zilivyoyeyusha chuma kwa pamoja. Jinsi mzinga ulivyotoka na urefu wa futi 900, upana wa mdomo futi 9, na unene wa ukuta wake futi 6. Ratili 400,000 za pamba ya baruti zatiwa ndani. Kombora latakiwa kwenda yadi 12,000 kwa sekunde moja. Tarakimu hizi zamiminika ukurasa baada ya ukurasa, na msomaji, hata asiyependa silaha, hujikuta akizifuata kwa hamu kama afuataye ngoma. Sisi pia tulizifuata, na twakiri kwamba zina utamu wake.

Wako waliokilaumu kitabu kwa ajili ya hesabu yake. Ni kweli, haisimami. Mfaransa mmoja, Michel Ardan, atokea na kutaka kombora liwe na nafasi ndani ili yeye asafiri humo, na Barbicane na mshindani wake Nicholl waingia pamoja naye. Tukichukua urefu wote wa mzinga ule, yaani karibu mita 274, na mwendo ule wa karibu mita 11,000 kwa sekunde, abiria angekandamizwa kwa nguvu kupita mara 20,000 ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 angekuwa kama amelaliwa na tani zaidi ya 1,200. Maji ambayo Verne ameyaweka chini ya sakafu ya kombora yasingemfaa kitu.

Lakini kosa hilo halikumdhuru mtu, bali lilileta faida. Hermann Oberth, aliyezaliwa Transylvania mwaka wa 1894, alikisoma kitabu hiki akiwa mvulana, akapiga hesabu, akaona kwamba abiria wangekufa papo hapo. Hakukitupa. Alitafuta njia nyingine ya kwenda, akaifikia roketi, ambayo haimrushi mtu kwa pigo moja, bali humsukuma kidogo kidogo. Kabla yake Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika Urusi, aliyekuwa karibu kiziwi tangu utoto, alikuwa amekwisha onyesha kwa maandishi ya mwaka wa 1903 kwamba roketi yaweza kuiacha dunia. Naye pia alisema kwamba mbegu ya mawazo yake aliipata kwa Verne. Mwandishi akosaye namna hii ana heri.

Lawama yetu ni nyingine. Barbicane ni mtengeneza makombora, na Nicholl ni mtengeneza mabamba ya chuma ya kukinga manowari. Kila mmoja aongezapo nguvu ya kombora, mwenzake aongeza unene wa bamba. Ni mashindano yale yale yaendeleayo hata leo kati ya kifaru na silaha ya kukitoboa, na wapendao vifaru watayatambua mara moja. Chuki ya mabwana hawa yazidi hata waamua kupigana wao kwa wao msituni kwa bunduki. Ardan na Maston wakimbia kwenda kuwazuia. Wamkuta nini? Nicholl ameiweka bunduki yake chini, naye kwa vidole taratibu amnasua ndege mdogo kutoka katika utando wa buibui mkubwa. Wamkuta Barbicane naye amesahau kabisa kwamba yuko katika kuuana: ameketi achora maumbo ya hesabu ya kupunguza kishindo cha kombora.

Hatujui sura nyingine ionyeshayo vizuri zaidi moyo wa watu wa jinsi hii. Hawana ukatili. Mmoja ana huruma kwa kiumbe aliye mbele ya macho yake, na mwingine hana hata kumbukumbu ya adui. Watu 2,375 na kipande hawakuuawa kwa chuki. Waliuawa na watu wapole wasiowaona, kwa sababu walikuwa mbali na macho yao yalikuwa juu ya karatasi. Verne aliliweka jambo hili mkononi mwetu, kisha akapita. Ardan awapatanisha kwa maneno mawili matatu ya kuchekesha, na hadithi yaendelea kukimbilia mzinga.

Na mzinga ulipolia, nini kilitokea? Watazamaji walianguka kama mabua, na tufani ikatoka Florida ikaenda baharini. Merikebu kadhaa zikazama, mojawapo ikiwa Childe-Harold ya Liverpool, watu wakafa maji. Verne asema haya kwa maneno machache, na kuongeza kwamba Waingereza walilalamika sana, kana kwamba huo ni mzaha mwingine. Hakuna mwanachama wa Baltimore aulizaye habari za wale mabaharia. Mzinga usioelekezwa kwa adui yeyote umeua, na kitabu kilichokuwa na macho makali katika sura ya kwanza hakina tena macho. Hili ndilo kosa la kitabu, nalo ni kubwa kuliko lile la hesabu.

Msomaji aweza kusema kwamba twaichukulia kwa uzito mno hadithi ya kufurahisha. Na atazame yaliyofuata. Mwezi wa Machi mwaka wa 1918 Wajerumani waliipiga Paris kwa mzinga uliokuwa mbali karibu kilomita 120, ambao kombora lake lilipanda kilomita 40 hivi juu kabla ya kushuka. Tarehe 29 Machi, Ijumaa Kuu, kombora moja likaliangukia kanisa la Saint-Gervais watu wakiwa katika ibada, likaua zaidi ya 80. Walioupiga mzinga ule hawakuliona kanisa.

Kisha mwaka wa 1927 katika Breslau kilianzishwa chama cha wapendao safari za anga za juu, na miaka mitatu baadaye wakapata kiwanja huko Berlin, mahali palipokuwa ghala la silaha la jeshi. Walichanga fedha, wakaomba vyuma, wakarusha roketi ndogo zilizopasuka mara nyingi. Kati yao alikuwamo mwanafunzi Wernher von Braun. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limebanwa katika habari ya mizinga mikubwa na mkataba wa Versailles wa 1919, ambao haukutaja roketi, basi likaja kutazama. Na mwaka wa 1932 von Braun akaanza kulifanyia kazi. Tarehe 20 Juni 1944 roketi yao ya V-2 ilipanda zaidi ya kilomita 170, ikawa chombo cha kwanza cha wanadamu kufika anga za juu. Tarehe 8 Septemba mwaka ule ule roketi za namna hiyo hiyo zikaanza kuiangukia London. Nazo ziliundwa katika mapango chini ya kilima karibu na Nordhausen, na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora. Katika wafungwa wapatao 60,000 waliopita kambini humo, karibu theluthi moja walikufa. Baadaye von Braun aliiongoza kazi ya kuunda Saturn V, roketi ya Marekani iliyowapeleka watu mwezini mwaka wa 1969 kutoka Florida ile ile ya Verne.

Hata mambo mema kabisa ya anga yana ukoo huo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitalia lililoko baharini karibu na Malindi katika Kenya, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni, ikapewa jina la Uhuru. Hatua ya pili ya roketi iliyoibeba ilitokana na kombora la vita liitwalo Sergeant.

Basi, kitabu kipewe vijana? Sisi twasema kipewe. Kijana apendaye vifaru hataacha kuvipenda kwa kunyang'anywa kitabu, na hiki ni bora kuliko picha tupu, maana chamfundisha kupiga hesabu na kucheka. Lakini asomapo akifika kwenye ile tufani, mwalimu na amsimamishe kidogo, amwulize ni watu wangapi walikuwamo merikebuni. Hataipata idadi, haimo.

Verne aliandika na kitabu cha pili, cha kueleza mwisho wa safari. Kombora lauzunguka mwezi, larudi, laanguka katika bahari ya Pasifiki karibu na manowari ya Marekani iitwayo Susquehanna. Nahodha wake twapewa jina lake, na luteni wake pia, na siku za kutafuta zasimuliwa kwa urefu. Mwisho lile kombora laonekana laelea, na wasafiri watatu wakutwa wazima ndani, wakicheza dhumna.

Wa Childe-Harold hatukupewa hata jina moja.