Kekele ya Mdomo

Kikapo huanza na msalaba. Msukaji hulaza vijiti vichache chini, hulaza vingine juu yake, huvikanyaga kwa dole gumba la mguu visiponyoke, kisha kekele, ule mmea utambaao wa msituni, ikiwa imelowekwa, huanza kuzunguka: chini, juu, chini, juu. Kazi hiyo ndiyo inayobeba mji wa Kindu. Mihogo, mchele, samaki wa mto Lualaba, vyote hupita kikaponi kabla ya kufika chunguni, na mtumbwi unaovuka kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, huja navyo sokoni.

Kekele haichumwi uani. Hupanda miti ya msituni kwa miiba yenye kulabu, na anayeikata hurudi na mikwaruzo mikononi. Nyembamba ni ya kusukia, nene ni ya miguu ya viti. Huparuliwa, hupasuliwa kwa kisu, hulowekwa ili ipinde bila kuvunjika. Na katika kila mzigo, fundi hodari hutenga kwanza ile iliyo ndefu zaidi. Hiyo haiguswi, ni ya mdomo. Kikapo kisichofungwa mdomo, hata kiwe na tumbo zuri namna gani, hufumuka.

Nausifu ufundi huu kwa sababu ya kutenga huko, na naomba fedha ya vikapo nayo itengwe hivyo. Maana kuna ugonjwa unaowafumua mama zetu kimyakimya: saratani ya mlango wa kizazi. Kindu haina mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Aliyechelewa hana budi kuitafuta tiba hiyo mbali, Kinshasa, au nje ya nchi, kama Kampala, ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967. Safari ya namna hiyo, vikapo mia havitoshi kuilipia.

Lakini saratani hii huja polepole, kwa miaka mingi, na dalili zake za mwanzo huonekana kwa kitu cha jikoni: siki. Muuguzi aliyefunzwa hupaka maji ya siki, ya asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, hutazama. Panapogeuka peupe pana neno, na pakitibiwa mapema, saratani yenyewe huzuiwa. Kipo pia kipimo cha virusi vinavyoileta, chenye uhakika zaidi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kama hicho wanapofika miaka 35, na tena wanapofika 45.

Hapo ndipo fedha ndogo inapokuwa na nguvu kubwa. Mama zetu wanaijua likirimba, ule mchango wa zamu. Wanaijua AVEC, chama cha kuweka akiba na kukopeshana, na sanduku lake la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu. Njia hiyo ya AVEC ilianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, na ndani ya sanduku huwamo fungu la mshikamano, mbali na akiba. Katika kila vikapo 10, bei ya kimoja ikiingia humo, itanunua siki na glavu, italipa nauli ya mtumbwi ya mama anayekwenda kupimwa.

Mafundi, msingoje hadi faida ibaki ndipo mtoe. Kinachobaki huwa vipande, na vipande havifungi mdomo. Tengeni kwanza, kama mnavyotenga kekele. Nawe mnunuzi, ukijua kikapo hiki kina fungu la mgonjwa ndani yake, lipa bei yake yote.