Silinda Inataka Chini, Springi Inataka Juu

Mashine ya kukatia nyasi inayofungwa nyuma ya trekta ina mtego ambao wengi huugundua wakiwa wamekwisha kushika spana. Mkono wa visu hunyanyuliwa na silinda ya haidroliki, lakini ukiwa kazini sehemu kubwa ya uzito wake hubebwa na springi, ili visu vipite juu ya udongo bila kuukwaruza. Mkono ukiwa chini, silinda imepumzika na springi imevutika. Ukinyanyuliwa, springi inalegea na mzigo wote unahamia kwenye silinda. Hakuna mkao ambao vyote viwili vimetulia, hata injini ikiwa imezimwa.

Kwa hiyo kazi niliyoiona ikifanyika kwenye shamba moja la nyasi za Rhodes huko Nakuru inafaa kuchambuliwa kwa mpangilio wake, maana vifaa vilikuwa vya kawaida tu. Ndoano ya springi ilikuwa na ufa, na sili ya silinda ilikuwa inavujisha oili.

Fundi alianza na springi. Alizima mzunguko wa shafti ya nyuma, akasubiri visahani vya visu visimame kabisa, akanyanyua mkono hadi juu, akazima injini na kutia ufunguo mfukoni. Kisha akachomeka pini ya kufungia mkono wakati wa safari na kuongeza mnyororo. Jeki hakuitegemea, na hapo nakubaliana naye: jeki nayo ni silinda yenye sili. Ndipo akalegeza nati ya kukazia springi mpaka ikacheza kwa mkono, akaitoa.

Tahadhari hiyo ina hesabu yake. Chukua springi inayohitaji nguvu ya kilo 5 kwa kila milimita ya kuvutwa. Ikivutwa milimita 200, inavuta kwa nguvu ya tani 1, na nishati iliyomo ni sawa na ya gunia la kilo 50 linalodondoka kutoka mita 2. Ndoano yenye ufa ikikatika hapo, hakuna mkono wa mtu utakaoizuia.

Springi mpya hakuifunga papo hapo, ingawa ingeonekana kama kuokoa muda. Angeifunga, ingevutika tena mara mkono unaposhushwa, naye alitaka kufanya kazi palepale kando yake. Lakini bila springi, silinda inabeba uzito wote peke yake mpaka mkono ufike chini. Alipotoa mnyororo na pini aliteremsha mkono polepole, watu wote wakiwa mbali, hadi ukalala juu ya magogo ya mbao ngumu.

Sasa ikaja zamu ya oili, na hapa ndipo mafundi wengi hujidanganya. Wanachomoa mipira kwenye viungio vya nyuma ya trekta na kudhani presha imetoka. Viungio hivyo hujifunga vyenyewe vikichomolewa. Presha inabaki ndani ya mpira, na jua likiipasha oili inazidi. Njia sahihi ni kuiacha mipira imechomekwa, injini ikiwa imezimwa, na kusukuma wenzo wa valvu mbele na nyuma mara kadhaa ili oili irudi tangini. Baada ya hapo nati ya mpira hulegezwa kidogo, kwa kitambaa, uso ukiwa pembeni.

Uvujaji wenyewe alikuwa ameutafuta mapema kwa kipande cha kadibodi. Tundu dogo kama ncha ya sindano hurusha oili inayopenya ngozi. Jeraha huonekana dogo na huenda lisiume mwanzoni, lakini ni la kupelekwa hospitali mara moja kwa upasuaji. Kungoja asubuhi kunaweza kumgharimu mtu kidole au mkono mzima.

Pistoni aliivuta kwa mkono baada ya kufungua kifuniko. Karakana nyingi huisukuma kwa upepo wa kompresa, tabia ambayo sijui kwa nini bado inavumiliwa: upepo uliobanwa hauishi nguvu mara moja kama oili, na pistoni hutoka kwa kasi ya kuvunja mbavu.

Sili mpya ilipokaa, mkono ulinyanyuliwa na kushushwa mara kadhaa bila springi ili hewa itoke kwenye silinda. Kisha ukapandishwa, ukafungwa kwa pini na mnyororo, na springi mpya ikafungwa ikiwa imelegea. Kilichobaki ni kupima oili kwenye tangi la trekta na kuongeza iliyopungua.