Ayub Ogada: Mwimbaji au Mwigizaji?

Wahakiki wengi humgawa msanii huyu Mkenya mafungu mawili. Kuna Job Seda, aliyeigiza katika filamu ya Out of Africa (1985). Halafu kuna Ayub Ogada, aliyeshiriki kuunda African Heritage Band mwaka 1979, bendi iliyochanganya roki na ngoma za asili, kisha akatoa albamu ya En Mana Kuoyo (1993). Mimi nadai kwamba mgawanyo huu umeletwa na sinema; haumo katika sanaa yake.

Tuitazame fani ya nyatiti, ala aliyoipiga. Vidole vinacharaza nyuzi nane. Mguuni kuna njuga, na kwenye kidole gumba cha mguu pete ya chuma inayogonga ubao wa ala. Papo hapo mpigaji anaimba, anasimulia, anatania. Sasa jamani, huyo ni mpiga ngoma, mwimbaji au mwigizaji? Kwetu Ringwani, wilayani Serengeti, mzee wa litungu hakuwahi kuulizwa swali hilo. Akikunja uso tu, sote tulishajua anasemwa nani.

Sinema ilimfanya nini mtu wa namna hii? Katika Out of Africa alipewa nafasi ya Kanuthia, mtumishi asiye na maneno mengi. Mwili upo, sauti hakuna. Miaka 20 baadaye, katika The Constant Gardener (2005), ukatumika wimbo wake wa Kothbiro. Hapo sauti ipo, mwili hakuna.

Isitoshe, maudhui nayo yaligeuzwa. Kothbiro ni Kijaluo, maana yake mvua inakuja. Wimbo unahimiza ng'ombe warudishwe nyumbani. Filamu imeufanya maombolezo. Sikatai kwamba unaliza. Lakini rafiki yangu wa Rorya aliponifasiria, mimi mtoto wa wafugaji sikusikia kilio. Nilisikia wingu limeshatanda na ndama bado wako ng'ambo ya mto.

Ogada alifariki mwaka 2019. Tusiwalaumu watengeneza filamu peke yao. Nasi darasani tunaandika wimbo ubaoni, tunahesabu vina na mizani, tunapata alama zetu, na ule mguu wenye njuga tumeuacha nje ya mlango. Mhakiki wa fasihi simulizi asiyeuona mguu huo amehakiki nusu ya kazi, wala asijidanganye kwamba ameimaliza.