Moshi wa Uluguru na sikio moja
Nimemaliza Smoke in the Hills (1960) ya Roland Young na Henry Fosbrooke, na niseme wazi: kitabu kizuri, ila kina sikio moja. Kinaeleza vizuri jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, mpaka mwaka 1955 watu wakachachamaa. Lakini Uluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Sasa mbona akina mama, wenye jembe lenyewe, nawasikia kwa mbali tu? Fosbrooke alikuwa ofisa wa serikali hiyohiyo, labda ndiyo maana. Kisomeni tu. Halafu siku moja tokeni hapa mjini, mpande gari hadi Matombo, mkamuulize bibi yeyote shamba lake alipewa na nani.