Muundo wa Tovuti na Haja ya Msomaji

Wahakiki wetu wamezoea kuipima kazi ya fasihi kwa fani na maudhui yake. Twaona kwamba kipimo hicho chafaa pia kutumiwa kwa maandishi ambayo mwananchi wa leo hulazimika kuyasoma, apende asipende, yaani tovuti za ofisi za umma. Maudhui ya tovuti hizo mara nyingi ni sahihi. Kasoro kubwa imo katika muundo: habari hupangwa kwa kufuata idara za ofisi, wala si kwa kufuata haja iliyomleta msomaji.

Tuchukue mfano wa Nakawa, mashariki ya Kampala, penye soko kubwa kando ya barabara ya Jinja na penye makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Mama auzaye nyanya sokoni humo akikusudia kufungua duka, huwa na swali moja tu: afanye nini ili apate leseni? Leseni hutolewa na Mamlaka ya Jiji la Kampala. Lakini Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2014 yamtaka mwombaji awe na nambari ya mlipakodi, na usajili wa nambari hiyo hufanywa na Mamlaka ya Mapato, bila malipo. Yeye aona shughuli moja. Serikali yaona ofisi mbili. Asipoonyeshwa njia tangu mwanzo, atamlipa mtu wa kumjazia fomu, na kilichokuwa cha bure kitakuwa na bei.

Jambo hili si geni kwetu walimu wa lugha. Kamusi ya Frederick Johnson ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyotolewa mwaka 1939, iliweka majina mengi chini ya vitenzi yalikotokana. Aliyetafuta maana ya “mpishi” alipaswa kwanza kujua “pika”. Mpango huo ulimfaa mwanaisimu, lakini ulimsumbua mwanafunzi, ambaye ndiye mwenye haja zaidi ya kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyaorodhesha majina ya namna hiyo kwa herufi zake za mwanzo. Maneno yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mlango wa kuyaingilia.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuwagawa wasomaji: raia huku, mfanyabiashara kule, mgeni pale. Hatukubaliani nao, kwani mtu mmoja aweza kuwa hao wote kwa siku moja, na bado hataambiwa aingie mlango upi. Lililo bora ni kuanza na shughuli yenyewe. Uingereza ilipounganisha tovuti zake za serikali mwaka 2012, kanuni yake ya kwanza ilikuwa kuanza na mahitaji ya watumiaji. Orodha ya idara na wakuu wake haina budi kubaki, maana mwananchi ana haki ya kujua nani awajibike. Ila isiwe ndiyo sebule.

Mahitaji hayo hayajulikani kwa kukisia ofisini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Njia moja ni nyepesi: shughuli zote huandikwa kwenye vikadi, kila moja na kadi yake, kisha watu watakaoitumia tovuti huombwa wazipange mafungu na kuyapa mafungu hayo majina kwa maneno yao wenyewe. Nakawa ina Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Wanafunzi wake waweza kuifanya kazi hiyo sokoni, hatua chache tu kutoka darasani.

Hapo ndipo chama chetu kinapohusika. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na walimu wataombwa kutafsiri kurasa za ofisi mbalimbali. Tukizitafsiri idara neno kwa neno, tutakuwa tumeuvika muundo mbovu kanzu mpya. Kabla ya kushika kalamu, yatupasa tuulize: ukurasa huu wamjibu nani, naye ameuliza nini?